Leso ya vipande sita

Najua nimepotea. Shangazi alinipigia wiki iliyopita akaniuliza kama nimeolewa kimyakimya huku Ibra, ndiyo maana siandiki tena... Sijaolewa, shangazi. Ni zamu za usiku tu, na pia nilikuwa nashona. Ndiyo, mimi! Yule yule ambaye Mama alimkataza kugusa cherehani baada ya kuharibu sketi mbili za shule. Nimeshona kwa mkono, sindano na uzi, na katika kushona huko nimejikuta nimeingia kwenye historia ambayo sikufundishwa darasani. Kwa hiyo leo mnivumilie, ni ndefu. Chukueni chai kwanza.

Ilianza hivi. Mwenzangu wa wodini, dada mmoja wa Kerala, anaondoka. Tumefanya kazi pamoja miaka sita, kwanza Nizwa kisha hapa Ibra. Mkataba wake umekwisha na nafasi yake anachukua binti wa Kiomani aliyemaliza chuo. Siwezi kulalamika, ni nchi yao na ni wagonjwa wao, hata sisi kwetu tungetaka hivyo. Lakini ndiye aliyenifundisha kusoma mwandiko wa madaktari wa hapa, ndiye aliyekaa kitandani kwangu siku tatu nilipopigiwa simu kwamba Babu amefariki na sikuweza kupata ndege. Mtu kama huyo humwagi kwa keki ya dukani.

Maana hapa kuaga ni sehemu ya kazi. Kila baada ya miezi michache kuna mtu anafunga mizigo, tunachangishana riale mbili mbili, tunanunua keki na sanduku la halua, tunapiga picha, basi. Halua ikiisha na yeye ameisha. Safari hii dada wa Kifilipino tunayepokezana zamu akatoa wazo. Ana mama mdogo anayeishi Marekani, na huko, anasema, mtu akihama rafiki zake kila mmoja humshonea mraba wa kitambaa, anaandika jina lake juu yake, kisha miraba yote inaungwa kuwa mfarishi wa kujifunika. Kila mtu akafurahi. Mimi nikanuna kidogo moyoni. Nikawaza, viraka? Kwetu kiraka ni dalili ya shida, mtu anaaga rafiki kwa viraka?

Jioni nikaenda kumsimulia Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa sijawahi kuwaandikia habari zake. Ni jirani yangu, bibi wa Kiomani aliyezaliwa Unguja. (Si mgonjwa wangu. Ya wagonjwa humu siandiki, mnajua.) Kiswahili chake ni kile cha Unguja mjini cha zamani, ukimsikia gizani utaapa uko Mkunazini. Pande hizi za Sharqiyah si ajabu kabisa. Koo nyingi za Ibra na Mudhairib zilikuwa na watu Unguja na Pemba, na wengine walifika Tabora na Ujiji na mbele zaidi hadi Kongo. Unaweza kuwa sokoni unahesabu hela kwa Kiarabu chako cha kubahatisha, mama wa pembeni akakwambia, "Mwanangu, huyo anakuibia." Kwa Kiswahili!

Basi nikamwamkia, nikamweleza habari ya viraka. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Kiraka gani wee mwana. Hiyo leso hiyo. Kwani hujui leso ilianzaje?"

Nilikuwa sijui. Miaka yote hii najifunga kanga, nalalia kanga, nimebebwa kwa kanga, sijui. Na ninyi wengi hamjui, msijifanye.

Leso ni neno tulilopata kwa Wareno, na kwao ni kitambaa kidogo cha mkononi, cha kufutia uso. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 vitambaa hivyo vya rangi vilikuwa vikija pwani yetu kwa wingi, ila havikuja kimoja kimoja. Vilikuja jora zima, vimechapwa vikifuatana, na mwenye duka anamkatia mnunuzi kwa idadi anayotaka. Wanawake wa Unguja na Mombasa wakapata akili. Mtu ananunua vipande sita bila kuachanishwa, anakata katikati apate mistari miwili ya vitatu vitatu, anaiunga kwa sindano upande wa urefu. Vitatu juu, vitatu chini. Hapo keshapata nguo ya kujifunga ambayo haiko dukani. Na mwenye kupenda mambo ananunua vya aina mbalimbali, anavichanganya apendavyo, awe na leso asiyo nayo mwingine mtaani.

Yaani kanga ilizaliwa ikiwa viraka. Kufikia miaka ya 1880 wafanyabiashara walishaona wanawake wanachotaka, wakawa wanaagiza Ulaya nguo nzima iliyochapwa kwa mara moja, yenye pindo lake na mji wake. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lile la "Mali ya Abdulla" ambalo bibi zenu wote wanalijua, lilianza 1887. Jina la kanga, wanasema, lilitokana na ile ya madoadoa kama ndege kanga. Lakini Mombasa mpaka leo wanasema leso, na ndani ya neno hilo vile vipande sita bado vimo.

Nikamuuliza Bi Mkubwa, je, na hii ya Wamarekani? Hapo yeye hakuwa na jibu, nikarudi nyumbani kutafuta mwenyewe, na hapa ndipo niliposahau kulala kabla ya zamu.

Ile desturi ya mfarishi wa marafiki ilishika sana Marekani katika miaka ya 1840, majimbo ya mashariki. Ulikuwa wakati wa watu kuhama, familia zinapanda magari ya kukokotwa na ng'ombe kuelekea magharibi, na aliyeondoka hakutarajiwa kuonekana tena. Wanawake walioachwa nyuma walishona kila mmoja mraba wake, wakaandika majina kwa wino usiotoka. Mji wa Baltimore ulikuwa na mafundi hasa, mifarishi yao ya miaka ya 1840 na 1850 imewekwa makumbusho.

Sasa shikeni mwaka huo, 1840. Tarehe 30 Aprili 1840 ilitia nanga New York meli inayoitwa Sultana, mali ya Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman aliyekuwa amehamishia makazi yake Unguja. Mjumbe wake ni Ahmad bin Na'aman. Walipeleka tende, kahawa, pembe za ndovu, karafuu, mazulia, na zawadi kwa Rais Martin Van Buren wakiwemo farasi wawili wa Kiarabu, ambao walimpa Rais shida kweli kwa sababu sheria haikumruhusu kupokea zawadi za wafalme. Urafiki huo ulikuwa umeshaandikwa kwenye mkataba, Maskati, Septemba 1833. Mwaka 1837 Marekani ikamweka Unguja balozi mdogo wake, Richard Waters, mfanyabiashara wa mji wa Salem, Massachusetts.

Na Sultana iliporudi ilibeba nini? Pamoja na mengine, marobota ya merikani.

Merikani! Ile bafta nzito isiyopaushwa ambayo mpaka leo ukienda dukani Tanga ukasema "nipe amerikani" unapewa. Imepewa jina la nchi ilikotoka. Viwanda vya Massachusetts na majirani zake viliifuma, merikebu za Salem zikaileta, na kutoka Unguja ikasafiri na misafara hadi maziwa makuu, mahali pengine ikihesabika kama fedha. Ilitawala mpaka vita vya wao kwa wao vya 1861 hadi 1865 vilipokata pamba, ndipo Waingereza na Bombay wakachukua nafasi. Kwa hiyo katika miaka ile ile, upande ule ule wa Marekani, mama mmoja anaandika jina lake kwenye mraba wa pamba kumuaga jirani, na huku pwani yetu jora la pamba kutoka kwao linafunguliwa forodhani. Nilikuwa nimenuna bure. Tulishakutana zamani.

Lakini kuna jambo siwezi kuliruka, japo najua baadhi yenu mtaniambia nimeanza. Pamba ile ililimwa kusini ya Marekani na watumwa, watu waliotoka kwetu Afrika. Na ilipofika Unguja, waliovaa merikani tupu, au kaniki ambayo ni merikani iliyochovywa rangi ya nili, walikuwa hasa watumwa wa mashamba ya karafuu, mashamba ambayo mengi yao mabwana wake asili yao ni huku ninakokaa. Mwaka jana nilikwenda Sur kutembea. Nikaona Fatah al-Khair, jahazi la aina ya ganja lililojengwa pale 1951, likauzwa Yemen, na watu wa Sur wakachanga wakalirudisha 1993. Zuri, jamani, nyuma limechongwa kama mlango wa Unguja. Majahazi ya Sur yalishuka na kaskazi yakibeba tende na chumvi, yakarudi na kusi yakiwa na boriti, ndiyo maana nyumba za zamani za Oman zina dari za mikoko. Lakini zamani hizo yalibeba pia watu. Nilisimama pale nimeweka mkono juu ya mbao, nikiwaza nani aliondoka pwani yetu bila kuagwa na mtu yeyote.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873. Utumwa wenyewe ulipigwa marufuku kisheria 1897. Na sikilizeni walichofanya wanawake waliokuwa watumwa: waliacha merikani na kaniki wakavaa kanga. Nguo ya maua na rangi, ya kununuliwa kwa pesa yako mwenyewe. Ile nguo tunayomwagia maji kila siku bila kufikiri, kwao ilikuwa kama cheti.

Nilimweleza Bi Mkubwa haya yote, tena sikuyapunguza. Alinyamaza muda mrefu. Akaniongezea kahawa ambayo sikuwa nimeiomba. Kisha akasema, "Aliyenifunza mie kufunga leso alikuwa mtu wetu."

Mtu wetu. Mliokulia Unguja mtaelewa maana yake.

Akasimama, akaenda ndani, akarudi na kanga moja. Moja, si doti. Imepauka, rangi ilikuwa nyekundu sasa ni kama waridi kavu, jina lake halisomeki isipokuwa herufi mbili tatu. Nikamsaidia kuikunjua, akaniambia.

Mwanamke yule wa nyumbani kwao alikuwa na binti rika lake. Walikuwa na miaka kumi na moja wote wawili, walilala mkeka mmoja, ila shule alikwenda mmoja tu. Mwanzoni mwa 1964 Ramadhani ilikuwa inakaribia, na yule mama akanunua doti moja ya Idi, awafunge watoto sare. Mnajua doti inavyokuja, mbili zimeshikana. Akaikata, akaipinda, kila mtoto yake. Idi haijafika, yakaja Mapinduzi, Januari 12. Mengine mnayajua au mmeyasikia kila nyumba kivyake, na mie si mwenye kuyahukumu. Bi Mkubwa alipoteza baba na ami yake. Mwaka ule ule walitoka, kwanza Dar es Salaam, kisha Dubai, maana Oman ya Sultani Said bin Taimur haikuwa inafungulia watu milango. Huku wakaja baada ya Qaboos kushika madaraka, Julai 1970, alipowaita Waomani waliokuwa nje warudi. Akaletwa Ibra, kijiji cha babu zake, ambako hakuwa amewahi kufika na Kiarabu cha wenyewe hakijui vizuri. Watu wa hapa walimwita Mzanzibari. Unguja alikuwa Mwarabu.

"Hatukuagana," akasema. "Sikumwona asubuhi ile. Leso nilikuwa nimejifunga, ndo nikaja nayo."

Nikamuuliza kama aliwahi kumtafuta. Alirudi Unguja mara moja, miaka ya tisini, mtaa ule hakumkuta mtu anayemjua.

"Najiuliza, je, yake anayo? Halafu najijibu, na kwa nini aitunze? Mie ndiye nilokuwa na kumbukumbu nzuri za nyumba ile. Yeye alikuwa anaamka alfajiri kunitekea maji."

Sikuwa na la kumjibu. Mimi huwa nina maneno, mnanijua, kazi yangu yenyewe ni kukaa na watu wakati mbaya. Nilishika tu pindo la ile kanga. Kwa mazoea yangu ya wodini nikaona imetunzwa kama kidonda: imekunjwa kila mara upande tofauti ili isikatike mahali pamoja.

Haya, tuje kwenye kushona, kuna mliotaka kujua nimewezaje.

Niliwaambia wenzangu hatutashona mfarishi mkubwa, hatuna muda, na mzigo wa ndege wa Kerala una kilo zake. Tutashona leso. Vipande sita, vitatu juu vitatu chini, kama bibi zetu. Nikakata mraba wa karatasi ngumu ya boksi la glavu, sentimita 22 kila upande. Unaweka juu ya kitambaa, unachora kwa kipande cha sabuni, unakata. Ukishona ukiacha sentimita moja kila upande unabaki na mraba wa 20, kwa hiyo leso nzima inatoka 60 kwa 40. Si ya kujifunga, ni ya kuweka juu ya mto au kutundika ukutani. Unaunga kwanza vitatu vitatu, unapiga pasi mishono ilale, ndipo unaunga mistari miwili. Ukianza kuunga ovyo ovyo pembe hazikutani. Zangu mbili hazikutani. Ndivyo zitakavyokwenda.

Kipande cha kwanza ni changu, kutoka kanga niliyokuja nayo kutoka Tanga. Kukikata kuliniuma, maana mkasi ulipita katikati ya jina, sasa mraba una "...zi si" na hakuna Mmalayali atakayejua ni nini. Mfilipino ametoa gauni la dada yake. Msudani ametoa pembe ya tobe lake. Binti wa Kiomani, huyo huyo anayechukua nafasi, alikuja mwenyewe kuuliza kama naye anaruhusiwa, akaleta kipande cha mtandio wa mama yake wenye nakshi. Nilimpenda kwa hilo. Cha tano ni cha sari, kimetolewa na Mhindi mwingine wa wodi ya watoto, akanisimulia kwamba Karnataka, jirani na kwao, kuna watu wanaoitwa Siddi, asili yao Afrika, na wanawake wao wanashona mifarishi ya viraka vya nguo kuukuu, wanaanzia ukingoni wakizunguka kuingia ndani, na kila pembe wanamalizia kwa kiua kidogo cha kitambaa. Nywele zilinisimama. Hao nao walipelekwa, na hawakwenda na mizigo.

Cha sita nilimwomba Bi Mkubwa. Kipande tu, nikasema, kutoka ukingo ulioliwa.

"Yangu haikatwi," akasema. "Ilishakatwa mara moja yatosha."

Nikaona haya hata kuomba. Basi Jumatano nikaenda soko la wanawake hapa Ibra, nikatafuta bafta isiyopaushwa, nikapata kwa mama mmoja anayeuza sanda na mashuka. Merikani yangu. Kosa nililofanya ni kuifua pamoja na ile kanga nyekundu bila kuijaribu kwanza, ikatoka na mawingu ya waridi! Jamani, kanga mpya ifueni peke yake mpaka maji yatoke meupe, hamkunifundisha? Nikaenda kununua nyingine. Kwenye hiyo tumeandika majina yetu wote kwa kalamu ya wino ile tunayotumia kuandikia nguo za wagonjwa, kisha nikayafuata kwa uzi. Bi Mkubwa naye ameandika lake. Hamjui vizuri huyo dada wa Kerala, wameonana mara mbili, lakini alisema anayeondoka aondoke na majina.

Alhamisi usiku ndiyo ndege yake. Hajui lolote, na humu hasomi Kiswahili, siri iko salama.

Nami naomba kitu. Mama, kuna mtu anakuja Maskati mwezi ujao, atakupigia. Mpe doti moja, yoyote nzuri, chagua nyekundu kama ipo. Fundi asiiguse, na wewe usiikate. Nataka niipeleke nzima kwa Bi Mkubwa, aikate yeye mwenyewe, achague nusu atakayompa nani. Msalimieni kila mtu. Zamu inaanza saa moja, naenda kuoga.